Pascalia na Kuku wa Miguu Minne

Nianze na ukweli, usije ukadhani ninamsifu kwa moyo mweupe. Pascalia Navalayo nilimwonea wivu miaka mitatu mfululizo. Haukuwa wivu wa mapenzi, wala haukuwa wa mali, maana mimi nilikuwa na digrii na ofisi, naye alikuwa na ndoo, brashi na sabuni ya kuoshea vyombo vya maabara. Nilimwonea wivu kwa sababu alijua kufundisha, na hakuna chuo kilichomfundisha.

Mimi ni Chrispinus Wangila. Kwetu ni Chekalini, Lugari, kwenye mahindi, ila kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha kemia katika shule ya wasichana iliyo upande wa Isecheno, kando ya msitu wa Kakamega. Msitu unaishia kwenye ua wetu, na tumbili wanaijua ratiba ya chakula cha mchana kuliko wanafunzi. Idara ya kemia naisimamia mimi. Nalitaja hilo kwa sababu kuna wakati lilikuwa jambo kubwa sana kwangu, na watu walikuwa wameanza kulisahau.

Pascalia aliletwa shuleni kama msaidizi wa jikoni. Ameolewa Mumias na Osundwa, mkata miwa, mtu mpole mwenye mikono iliyojaa makovu. Alikuwa ameacha shule kidato cha tatu alipopata mtoto wa kwanza. Siku za kazi alilala kwenye nyumba za wafanyakazi, na Jumamosi alikwenda kwake. Mzee aliyetunza maabara alipostaafu, mwalimu mkuu wetu, Madam Osiako, alimtuma Pascalia aje aoshe vyombo kwa wiki moja, mpaka mtu apatikane. Wiki hiyo ilidumu miaka sita.

Nilimpokea vizuri. Mtu wa kuosha vioo ana shida gani? Sikujua kwamba nikifundisha mbele, kuna mwanafunzi mmoja zaidi kule nyuma kwenye sinki, mgongo ameugeuza lakini masikio yako wazi. Aliazima vitabu vya zamani kutoka stoo na kuvirudisha vikiwa safi kuliko alivyovichukua. Mwaka wa tatu akajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa binafsi. Kwa jumla alipata C, lakini kwenye kemia alipata B+. Hakuniambia yeye, niliambiwa na karani. Mimi mwaka wangu nilipata B isiyo na chochote mbele yake. Jioni hiyo nilikwenda nyumbani nikatafuta cheti changu sandukuni, kana kwamba huenda alama ilikuwa imebadilika.

Lakini kilichoniuma hasa ni kuku.

Kila mwaka kidato cha pili hujifunza kusawazisha milinganyo ya kemia. Kanuni ni fupi: kemikali zinapokutana, hakuna atomu inayopotea wala inayozaliwa, kwa hiyo hesabu ya kushoto lazima ilingane na ya kulia. Chukua haidrojeni na oksijeni zinazoungana kuwa maji. Oksijeni hutembea mbili mbili, basi kushoto ziko mbili, lakini maji, yaani H2O, yanabeba oksijeni moja tu. Moja imekwenda wapi? Hapo wasichana wote hufanya jambo lile lile. Wanachomeka mbili ndogo kwenye O ya kulia, hesabu inalingana, wanafurahi. Nami kwa miaka yote hiyo nimepiga kelele kwamba ukigusa hizo nambari ndogo hayo si maji tena, ni dawa ya kupausha nywele. Wanaitikia ndiyo, na kwenye mtihani wanachomeka tena.

Siku moja, Pascalia akiwa na miaka minne pale, niliingia maabara baada ya chakula cha mchana. Nilimkuta Mitchel, msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akishika mkia darasani kwangu, ameketi na wenzake wanne mbele ya Pascalia. Mezani kulikuwa na punje za mahindi na maharagwe, maharagwe yakiwa ndiyo oksijeni. Pascalia alikuwa akitafuna muwa. Alisema bila hata kuinua macho:

"Kuku ako na miguu ngapi? Miwili. Sasa ukitaka miguu minne, utamshonea ingine? Si utaleta kuku mwingine. Hiyo namba ndogo ni miguu ya kuku, haiguswangi. Hiyo kubwa ya mbele ndio inahesabu kuku."

Mitchel akasogeza punje zake. Akaandika mbili kubwa mbele ya maji, akaona sasa haidrojeni za kushoto zimepungukiwa, akaandika mbili nyingine mbele ya haidrojeni. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kufuta ubao. Tumbili mmoja akapenya dirishani, akatoroka na oksijeni kadhaa, nao wakacheka hadi machozi. Mimi nilisimama mlangoni nikihisi kama mtu aliyemkuta mgeni amevaa koti lake, na limemkaa kuliko linavyomkaa mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilimwiba kuku huyo. Nilisimama mbele ya darasa jingine la kidato cha pili nikauliza kuku ana miguu mingapi. Kabla sijafika mbali, msichana wa mstari wa mbele akainua mkono na kunieleza, kwa heshima zote, kwamba hiyo walishafundishwa na Madam Pascalia. Madam. Mtu wa ndoo na brashi. Tangu siku hiyo nikaanza kuhesabu: mara ngapi walimuuliza yeye badala yangu, nani alimsalimu kwanza, nani aligonga mlango wa stoo na kuupita wa ofisi yangu. Nikifundisha kukokotoa viasi, yaani unahitaji kitu hiki kiasi gani ili ukimalize kile, niliona macho yao yakitorokea kule sinki kuangalia kama yeye anakubali. Wivu kidonda, walisema wahenga, ukishiriki utakonda. Nilikonda. Mke wangu alidhani ni vidonda vya tumbo.

Mwaka jana mwezi wa tatu, Pascalia alikuja ofisini na fomu. Chuo kimoja cha ufundi mjini Kakamega kilikuwa kinapokea watu waliokwisha kufanya kazi maabara ili wasomee ufundi huo, mradi msimamizi wa idara aandike kwa mkono wake kwamba mtu huyo anaiweza kazi, kisha atie sahihi. Cheti hicho kingemtoa kwenye orodha ya vibarua. Angeajiriwa kwa jina la kazi anayoifanya, asiitwe tena mtu wa usafi. Alisimama mlangoni akiwa amevua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia avivue. Nikamwambia aiache, nitaijaza na kuipeleka mwenyewe.

Niliitia kwenye droo, chini ya karatasi za mitihani ya zamani. Sikusema sitasaini, nilisema kesho. Mwezi wa tano wanafunzi wapya wa chuo wakaingia bila yeye. Aliponiuliza, nikamwambia niliipeleka zamani, ila wale watu wa chuo ni wazembe, avumilie hadi awamu nyingine. Akanitazama kidogo, akasema asante Mwalimu, akarudi kwenye vyombo vyake. Siku hiyo nililala usingizi mzuri, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Ikafika Novemba, na mtihani wa taifa. Kabla ya kemia ya vitendo, shule huletewa orodha ya siri ya dawa za kutayarisha. Mwaka huo wasichana wetu arobaini na watano walitakiwa kupima asidi dhidi ya kabonati ya sodiamu, ambayo mama zetu wangeiita magadi ya kufulia. Unatia myeyusho wa magadi kwenye flaski pamoja na matone ya rangi, kisha unadondosha asidi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama za vipimo, mpaka rangi igeuke kutoka manjano kuwa waridi. Hapo unasoma umetumia asidi kiasi gani. Nguvu ya magadi ikikosewa, mahesabu yote ya mtoto yanakwenda na maji.

Mlinganyo wenyewe hauna makuu: magadi moja humalizwa na asidi mbili. Kazi ni kujua upime gramu ngapi za magadi. Nilisoma lebo ya mkebe. Ilisema ni fuwele zenye maji kumi, maana yake kila magadi moja imeshikilia maji kumi ndani ya fuwele, na maji hayo nayo yana uzito kwenye mizani. Nikakokotoa: gramu kumi na nne nukta tatu kwa kila lita. Nikampa Pascalia karatasi, apime za lita tano.

Alirudi na mkebe wenyewe mkononi. Alieleza kwamba kifuniko kilipasuka tangu Januari, na mkebe ulikaa rafu ya juu, chini ya mabati, kiangazi chote. Akaniinamishia nione. Badala ya fuwele zinazong'aa kama chumvi ya mawe, ndani mlikuwa na unga mweupe. Tayari alikuwa amepima gramu mbili, akaziyeyusha, akazijaribu kwa asidi na kupiga hesabu kurudi nyuma kwenye karatasi yake. Asidi iliyoliwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ambayo lebo ingetabiri. Maji karibu yote yalikuwa yametoka, magadi ikabaki, kwa hiyo kwa hesabu yake gramu sita nukta mbili kwa lita zilitosha kabisa.

Madam Osiako alikuwepo, amekuja kukagua maandalizi. Kama asingekuwepo, huenda ningeisoma ile karatasi.

"Wewe ni mtu wa Lugari, Mwalimu," Pascalia akasema. "Kilo ya mahindi mabichi na kilo ya mahindi makavu, punje zinatoshana? Hii ilikauka. Lebo haijui ilikauka."

Baba yangu aliuza mahindi maisha yake yote. Nimekua nikiona magunia yakirudishwa kwa sababu ya unyevu. Nilijua kuuma punje kwa meno na kusikia kama imekauka kabla sijajua kusoma. Pale shuleni hapakuwa na mtu aliyepaswa kumwelewa haraka kuliko mimi, na nilimwelewa. Nataka hilo lijulikane: nilimwelewa pale pale. Lakini Madam Osiako alikuwa anamtazama Pascalia kwa yale macho ya mtu anayejipongeza kwa kumpata, kisha akanigeukia mimi kuuliza ni nani yuko sahihi. Nikasikia kinywa changu kikisema kwamba lebo iliandikwa na wataalamu, na kwamba mtihani wa taifa si mahali pa kuchezea punje za mahindi. Pascalia akakunja karatasi yake. Akapima gramu nilizomwambia, mpaka mkebe ukabaki mtupu.

Utaratibu ni kwamba mwalimu hufanya jaribio hilo mwenyewe kabla ya watoto na kuandika jibu lake, kwa sababu ndilo litakalotumiwa kusahihishia majibu yao. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa maabara peke yangu. Bureti yetu hubeba mililita hamsini, nami nilitegemea rangi igeuke kwenye ishirini na tano. Ishirini na tano ikapita, manjano. Thelathini, manjano. Arobaini, manjano. Asidi yote ikaisha, tone la mwisho likaning'inia kwenye ncha, na flaski ilikuwa bado manjano.

Mtihani ulikuwa saa tatu. Ningetulia dakika mbili ningeiona njia, hata mtoto wa kidato cha tatu angeiona. Lakini kichwa changu hakikuwa na nafasi ya hesabu. Niliwaza jambo moja tu, kwamba Pascalia hatakiwi kuiona flaski ile. Myeyusho ulikuwa kwenye chupa tano za lita moja moja. Nikazibeba hadi sinki nikaanza kumwaga. Mbili zilikuwa zimekwisha, na ya tatu nimeanza kuiinamisha, mkono wa Pascalia ulipoishika shingo ya chupa.

"Usimwage, Mwalimu. Magadi ingine hakuna."

Aliitazama bureti tupu, akaitazama flaski. Nilingoja acheke. Nilitamani acheke, nipate cha kumchukia kihalali. Yeye akachukua silinda ya kupimia na kuisuuza. Akasema kilicho kali huongezwa maji, ndiyo sababu jana hakubishana sana. Ingekuwa dhaifu, angelala mlangoni pangu, kwa sababu wale wasichana hawakumkosea yeyote. Kila lita sasa iwe lita mbili na mililita mia tatu, na zilizobaki zilitosha. Akapima yeye, nami nikatikisa chupa. Saa mbili kasoro robo nikajaribu tena, na waridi ikatokea kwenye ishirini na tano kamili.

Madam Osiako akaingia akiuliza kama mambo ni sawa. Nilifungua mdomo, na hadi leo sijui ningesema nini. Pascalia alinitangulia.

"Iko sawa, Madam. Mwalimu amepata ishirini na tano."

Nikaandika ishirini na tano kwenye fomu ya mtihani, nikatia sahihi yangu. Wasichana walipotoka walikuwa wakilinganisha majibu uwanjani, huyu ishirini na tano, yule ishirini na tano na kidogo. Mitchel, ambaye sasa alikuwa kidato cha nne, alikimbia moja kwa moja akamkumbatia Pascalia. Alipopita karibu nami aliniambia asante Mwalimu, vile askari wa lango huambiwa asante. Hata siku hiyo, baada ya yote hayo, kilinichoma.

Alasiri nilifungua droo, nikaitoa fomu ya chuo na kuijaza. Nilimsifu hadi nafasi ikaisha, nikaongeza karatasi. Kila nilichoandika kilikuwa kweli. Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mtu angeisoma barua ile angedhani nilifuata usemi huo. Sikuufuata. Niliandika ili aondoke. Sikuweza tena kufanya kazi chumba kimoja na mtu aliyenikuta nimeshika chupa juu ya sinki. Kesho yake nilipanda boda nikaipeleka chuoni kwa mkono wangu, na jibu halikukawia: aripoti Januari.

Jumamosi moja ya Desemba, Pascalia akanialika kwake Mumias, nile nao kabla hajaanza masomo. Nilitafuta kisingizio. Mke wangu akaninyoshea shati na kuniambia kwamba siwezi kukataa mwaliko wa mtu niliyemsaidia. Basi nikaenda. Uani kulikuwa kumefagiliwa hadi nikaona haya kukanyaga. Osundwa alinipokea kwa mikono yote miwili, akaniketisha karibu na mama yake mzazi, ikaletwa obusuma, ugali mkubwa wenye mvuke, na ingokho, kuku aliyepikwa kwa mchuzi.

Kwetu Waluhya firigisi ya kuku, imondo, haigawiwi ovyo. Ni ya mwenye boma. Akimpa mgeni, amesema jambo ambalo hotuba haiwezi kulisema. Osundwa aliichukua akaiweka kwenye sahani yangu. Nikaikataa, nikasema hiyo ni yake. Akakataa kukataliwa. Akamweleza mama yake kwamba huyu ndiye mwalimu aliyemfungulia mkewe njia, na mama yule akanishika mkono kwa mikono yake mikavu, akaniombea mimi na watoto wangu na shamba la baba yangu.

Pascalia akaja na sufuria kuniongezea mchuzi. Aliinama karibu, akasema polepole, kwa sauti ile ile anayotumia akisoma mizani:

"Ile fomu niliiona kwa droo yako mwezi wa nne, Mwalimu, nikipangusa. Kula, itapoa."

Akamimina mchuzi, akaenda kwa mama mkwe wake. Mwezi wa nne. Kumbe hata nilipomdanganya ana kwa ana mwezi wa tano, alikuwa anajua. Alikuwa anajua alipoishika chupa pale sinki, na alipomwambia Madam kwamba ishirini na tano ni yangu. Nilitia imondo mdomoni nikatafuna. Ningependa kuandika kwamba niliona aibu, na kweli aibu ilikuja, lakini baadaye, njiani nikirudi. Pale mezani, Osundwa akinitazama kwa furaha anione nikila, nilihisi kile kile nilichokihisi miaka hiyo yote. Nilimwonea wivu Pascalia.